Mikono Niliyoibeba Kutoka Nshamba

Siku niliyoanza kazi ya udereva katika kampuni ya kahawa pale Bukoba, Mkuu wa Usafirishaji hakuniuliza hata jina. Alikuwa Mwingereza mfupi, sajini wa zamani, na bado alivaa kofia yake ya vitani. Alisoma barua yangu ya kuachiwa jeshini, akaikunja, akanionyesha lori lililosimama uani likiwa limejaa magunia ya kahawa ya maganda kupita mbao za ubavuni. Nyuma ya lori alikuwa amesimamisha mapipa mawili matupu ya mafuta, yakiacha nafasi ya kupita gari na kiganja kimoja kila upande.

"Rudi nyuma, upite katikati, usimame mlangoni mwa ghala," alisema.

Malori ya wakati ule hayakuwashwa kwa ufunguo. Yalikuwa na hendeli, chuma kilichopindwa ambacho unakitia mbele ya injini na kukizungusha kwa nguvu. Dole gumba hulizungushi kwenye hendeli. Unaliweka upande mmoja na vidole vingine, kwa sababu injini ikirudisha teke huku umeikumbatia hendeli, unavunjika mkono. Niliwasha, nikapanda, nikatoa kichwa dirishani. Nilikwenda polepole hivi kwamba makuli waliokuwa kivulini walianza kucheka. Niliposimama mlangoni, pipa halikuguswa hata moja.

"Umechukua muda mrefu," akasema yule Mkuu.

"Ndiyo, bwana."

"Vizuri. Wenye haraka hubomoa ghala langu. Kesho saa kumi na mbili asubuhi."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini, miaka michache baada ya vita kwisha. Naandika haya kwa ajili ya vijana wanaoendesha malori siku hizi kati ya Muleba na Bukoba, ambao hunisimamisha baada ya swala ya Ijumaa na kuniuliza zamani ilikuwaje. Kwa kawaida huwasimulia habari za matope, nao hucheka. Lakini habari za matope ni nusu tu. Nusu ya pili sijamsimulia mtu, hata marehemu mke wangu Zainabu, na ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Kazi yetu ilikuwa kukusanya kahawa vijijini na kuileta mjini, ikakobolewe na kupelekwa gatini kupakiwa melini. Msimu ulipoanza tulikwenda Muhutwe, Kamachumu, Nshamba na Muleba. Muleba ya siku hizo haikuwa na ofisi mlizozizoea. Ilikuwa ghala letu la bati, maduka machache na nyumba ya Karani Mkuu wa kituo. Mkulima alileta gunia, karani alilichoma kwa bambo, kile chuma chenye uwazi kinachotoa kahawa ya ndani bila kufungua gunia, akaangalia kama imekauka. Kahawa mbichi huota ukungu na kuharibu ghala zima. Ikikubaliwa ilipimwa, kisha wapakiaji waliibeba mpaka juu ya lori.

Wapakiaji ndio niliotaka kuwafikia. Kila lori lilikuwa na wanne. Walibeba magunia begani wakipanda ubao mwembamba uliolazwa kutoka chini hadi garini, na mvua ikinyesha ubao ule uliteleza kama samaki. Safarini walikaa juu ya mzigo, juani au mvuani. Mmoja wao alishika kabari, kipande cha mti kilichochongwa kama jino. Breki zetu zilivutwa kwa waya, na lori lililojaa likishindwa kupanda mlima, waya ule haukuweza kulizuia lisirudi nyuma. Basi mwenye kabari aliruka chini lori likiwa bado linakwenda, akakimbia nyuma ya gurudumu na kulikinga kwa kabari yake. Akichelewa, lori na dereva huishia bondeni.

Mwenye kabari wangu alikuwa Yoeli, mtu wa Rubafu, Mlutheri, mrefu, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili wake. Alisoma shule ya misheni madarasa machache, na alikuwa na tabia ya kusoma kila karatasi aliyoiona, hata ile iliyofungiwa chumvi. Tulikuwa pamoja miaka minne. Katika miaka hiyo hakuchelewa hata siku moja. Mimi nilikuwa Mwislamu wa mjini, yeye mtu wa kwaya, lakini mwanangu wa pili alipozaliwa, ndiye aliyempelekea mama yangu habari kwa miguu, kwa sababu siku hiyo yeye alikuwa mjini, nami nilikuwa nimekwama Nshamba.

Mwaka wa nne, mpakiaji wa lori jingine aitwaye Bagenda aliteleza kwenye ubao pale Muleba, gunia likamwangukia mgongoni. Hakuweza kuinuka tena. Nyapara, yaani msimamizi wa wapakiaji, aliandika kwamba Bagenda alikuwa mlevi. Sisi tuliokuwapo tulijua hakuwa ameonja kitu, ilikuwa saa mbili asubuhi na mvua ilikuwa inanyesha. Alibebwa kwa machela mpaka kwao. Siku ya tatu mtu mwingine akawekwa mahali pake.

Yoeli hakupiga kelele. Alisubiri mpaka tulipofika mjini na kushusha mzigo, akaniambia, "Suedi, nimesoma kwamba serikali inaruhusu watu wa kazi kuwa na chama. Kiandikishwe tu. Afisa Kazi akiona kina watu kweli, kampuni italazimika kuzungumza nacho."

"Chama cha kufanya nini?"

"Gunia liwe na uzito unaobebeka. Mvua ikinyesha ubao uwekewe vipande vya kukanyagia. Na mtu asifukuzwe kwa neno la nyapara peke yake. Mambo matatu tu."

Nilijiandikisha. Nilikuwa dereva wa kwanza kufanya hivyo. Madereva wenzangu waliogopa. Wengine walijiona wao si watu wa kuchanganyika na makuli. Yoeli alinipa kazi ya kuwashawishi, kwa kuwa chama cha wapakiaji peke yao kampuni ingekicheka, lakini malori yakisimama hakuna wa kucheka. Niliwapata sita. Tulikutana Jumapili mchana nyuma ya nyumba ya fundi cherehani mmoja, Yoeli akitoka kanisani na Biblia yake, na tulizungumza kama watu wenye akili. Sijawahi kujisikia mtu mzima kama Jumapili zile.

Sasa ni lazima nieleze habari za Meneja. Yeye alikuwa juu ya Mkuu wa Usafirishaji, juu ya makarani, juu ya wote. Tena alikuwa mjumbe wa baraza la wilaya, akikaa kwenye kiti kilichotengwa kwa wafanyabiashara. Baraza lile ndilo lililoshauri serikali juu ya barabara, masoko na mambo ya kazi. Mwaka mmoja nyuma mtu mmoja alikuwa amependekeza barazani uzito wa gunia uwekewe kikomo. Meneja alisimama akapinga, na pendekezo likafa. Yoeli aliyajua hayo kwa kuwa aliokota gazeti lililokuwa na habari hiyo, akalikunja na kulihifadhi.

Meneja aliniita ofisini asubuhi moja. Nilikwenda nikijua nafukuzwa. Nikakuta kiti. Kabla ya siku hiyo sikuwahi kuketi katika ofisi ile. Tulikuwa tukisimama mlangoni na kofia mkononi. Akaagiza chai, vikombe viwili.

"Suedi, mimi sikuchukii kwa kuingia chama," alisema. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha mtu aliyeishi Bukoba muda mrefu. "Lakini nakushangaa. Kuli anaweza kupatikana popote. Wewe ni fundi. Wakigoma, wewe ndiye utakayeonekana umesimamisha gari. Wanakupanda mgongoni."

Akanisogezea kikombe changu.

"Naleta lori jipya la dizeli, la kwanza hapa. Linataka dereva. Na Muleba nataka Mkuu wa Madereva, Mwafrika, mwenye nyumba yake ya bati kituoni. Nimeangalia orodha yote. Jina lako ndilo linalonijia."

Nilisema, "Asante, bwana." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza katika jambo lile, na nimeyarudia kichwani mara nyingi nikitafuta kama yalikuwa na maana nyingine.

Kisha akanieleza. Afisa Kazi alikuwa anakuja kutoka Mwanza kusikiliza hoja za pande zote mbili hadharani, mbele ya wajumbe wa baraza, siku ya Jumamosi. Atataka kujua kama wafanyakazi wa kampuni wanakitaka chama kweli au ni matakwa ya watu wachache. "Wapo watu wetu wengi wa msimu huko Nshamba na Muleba," Meneja alisema. "Si haki wakose kusikika kwa sababu ya umbali. Nataka uwalete. Safari mbili, lori jipya. Unaweza?"

Niliwajua watu wa msimu wa Nshamba na Muleba. Hawakufika ishirini, na wengi wao walikuwa wameshajiandikisha kwa Yoeli. Nilielewa alichokuwa anasema. Nikajibu, "Naweza, bwana."

Nikatoka nje, nikawaambia wenzangu kwamba aliniita kuhusu dizeli. Hata Yoeli nilimwambia hivyo. Alifurahi. Alinipa mkono akasema, "Safi. Dereva wa dizeli akiwa ndani ya chama, watatusikiliza zaidi."

Jumamosi ile niliondoka Nshamba jua likiwa limeshapanda. Mkungu, yaani mzee msimamizi wa kijiji kwa desturi yetu ya Kihaya, alikuwa amewakusanya watu sokoni. Walikuwa wakulima. Wengine walikuwa na visu vyao vya kupogolea migomba viunoni, wakaambiwa waviache. Karani Mkuu wa Muleba alikuja na rundo la magunia matupu, akampa kila mmoja gunia ajifunge begani, jinsi wapakiaji wanavyofanya ili wasichubuke. Aliwaambia, "Mtakaa pamoja. Nikivua kofia, mnainua mkono. Nikiivaa, mnashusha. Basi." Watu walicheka, wakayafunga magunia yale vibaya, mengine kichwani, kama watu wanaojikinga mvua.

Mzee mmoja aliyekuwa na mguu mbaya alipewa nafasi ya mbele karibu nami. Alikuwa hajawahi kupanda gari. Tulipoanza kuteremka aliushika mlango kwa mikono miwili, na tulipofika tambarare akapata nguvu ya kuzungumza.

"Waitu dereva," aliniambia kwa heshima ya Kihaya, "hicho chama tunachokwenda kukikataa ni kitu gani?"

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema sijui, mimi ni dereva tu. Miaka mingi nimejitetea kwamba nilichofanya ni kuendesha gari. Kazi yangu ilikuwa kuendesha gari. Lakini mzee yule aliniuliza, nami nikamjibu, nikimwita tata, yaani baba.

"Ni watu wa mjini, tata. Wanataka malori yasimame, kahawa yenu iozee ghalani."

"Kumbe!" Alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Nami nina kahawa ya kibanja kizima, shamba langu lote, pale. Basi watu hao wabaya sana."

"Ndiyo, tata."

"Nitainua mikono yote miwili," akasema.

Tulipofika Muleba nikashusha, nikarudi kuchukua kundi la pili, kisha lori jingine likanisaidia kuwafikisha wote Bukoba. Hatukuweza kuingia wote katika ukumbi. Wengine walisimama madirishani. Mbele kulikuwa na meza ya wajumbe, Meneja akiwa mmoja wao katika kiti chake cha kawaida, na Afisa Kazi katikati, mwembamba, ameungua pua kwa jua, akiandika kila kitu. Wapakiaji wa kweli walikaa upande wa kushoto. Walipoona watu wanamiminika ndani wamevaa magunia, walitazamana.

Meneja alizungumza kwanza, na sitaki mdhani alizungumza upuuzi. "Mimi sipingi watu kukutana," alisema. "Napinga mtu mmoja kuwa na uwezo wa kuwaambia mia waache kazi. Kahawa haingoji. Chama kikisema leo hatupakii, anayeumia si mimi, ni mkulima aliyelima mwaka mzima. Na vyama hivi, tumeviona kwingine, leo huomba vipande vya mbao, kesho huingia siasa. Kazi iwe kazi, siasa iwe siasa." Wakulima wangu waliguna kukubali, na waliguna kwa haki, maana lile la kahawa kuoza lilikuwa hofu ya kweli.

Yoeli aliposimama, kwa ile sauti yake ndogo ilibidi watu wanyamaze ili wamsikie.

"Mimi pia baba yangu ana kibanja," alisema. "Kahawa yake imepita begani kwangu. Sitaki ioze. Tuliomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalosimamisha lori. Bagenda alipoanguka, lori lilisimama siku nzima. Ubao wenye vipande vya kukanyagia ungeizuia hasara ile." Akatoa lile gazeti mfukoni, akalifungua. "Meneja anasema tusiingie siasa. Mwaka jana jambo la uzito wa gunia lililetwa hapa, kwenye meza hii. Alisimama akalikataa, naye ndiye mwenye magunia. Nauliza kwa heshima: siku ile alikuwa anafanya biashara au siasa? Kama yeye anaweza kukaa hapo na mzigo wake, na sisi tunaobeba mzigo tukae wapi?"

Mjumbe mmoja, mzee wa Kiislamu aliyekuwa na duka mjini, alitabasamu kidogo akaficha kwa kiganja. Nikaona Afisa Kazi ameacha kuandika, anamtazama Yoeli. Nadhani hapo, kwa muda mfupi, Yoeli alikuwa ameshinda.

Afisa Kazi akauliza, "Wafanyakazi wa kampuni wasiokitaka chama, wainue mikono." Karani Mkuu alivua kofia. Mikono ikapanda upande mzima wa kulia na madirishani. Yule mzee wa mguu mbaya aliinua yote miwili, kama alivyoniahidi, akinitafuta kwa macho nione.

Yoeli alisema, "Bwana Afisa, hawa si wafanyakazi. Wengine siwajui kabisa."

Meneja akajibu bila kupandisha sauti, "Ni watu wa msimu. Huyu ni wa mjini, atawajuaje wote?"

Afisa Kazi alimgeukia Yoeli. "Una shahidi?"

"Ninaye," Yoeli akasema, na uso wake ukawa na furaha, kwa kuwa aliniona nimesimama karibu na mlango. "Muulize Suedi dereva. Anapita Nshamba na Muleba kila wiki. Anamjua kila mpakiaji kwa jina. Naye hasemi uongo."

Watu wote wakageuka. Afisa Kazi akaniita mbele. Nilitembea kutoka mlangoni mpaka mezani, hatua kumi au kumi na mbili, nikasimama kando ya Yoeli, nikaisikia pumzi yake.

"Hawa uliowaleta ni watu gani?" Afisa Kazi aliniuliza.

"Ni watu wa kampuni, bwana," nikasema.

"Wapakiaji?"

"Ndiyo, bwana. Wa msimu."

Aliandika. Ilimchukua muda kuandika maneno machache yale. Sikugeuka kumtazama Yoeli. Nilimsikia akilikunja gazeti lake, mkunjo baada ya mkunjo, akalirudisha mfukoni.

Chama hakikuandikishwa. Taarifa ilisema walio wengi hawakihitaji. Juma lililofuata Yoeli na wapakiaji watatu waliambiwa msimu umekwisha kwao, ingawa magunia yalikuwa bado yanaingia kila siku. Hakuja kunigombeza. Alipita uani kuchukua koti lake, nami nilikuwa chini ya lori la dizeli, nimelala chali, nikikaza nati ambayo ilikuwa imeshakazwa. Niliona miguu yake ikisimama karibu na gurudumu. Ikangoja. Kisha ikaenda.

Nilihamia Muleba nikiwa Mkuu wa Madereva. Nyumba ilikuwa ya bati, kama nilivyoahidiwa, na Zainabu alipanda maua mbele yake. Nilifanya kazi hiyo vizuri. Niliwafundisha madereva kubadili gia kwa kukanyaga klachi mara mbili, maana gia za zamani hazikuingia mpaka uzilinganishe na mwendo wa injini. Niliwafundisha kufunga minyororo kwenye magurudumu kabla ya kuingia topeni, si baada ya kukwama. Waliniheshimu. Wakati wajumbe wa baraza walipochaguliwa upya, Meneja aliagiza malori yawabebe watu wa kumshangilia, nami ndiye niliyepanga lori lipi liende wapi. Hakuhitaji tena kunipa kiti. Alituma karatasi tu kwa Karani.

Chama kilikuja hata hivyo, miaka iliyofuata, kikiletwa na vijana wengine waliosoma zaidi. Ubao ukapigiliwa vipande vya kukanyagia. Kilipofungua tawi Muleba walinialika nikae mbele, kwa sababu mtu fulani alikumbuka kwamba nilikuwa dereva wa kwanza kujiandikisha wakati wa Yoeli. Walinipigia makofi. Niliinuka, nikainamisha kichwa, nikaketi. Kama kuna mahali ningeweza kusema ukweli mbele za watu, ni pale, na sikusema.

Bagenda alikufa kwao bila kutembea tena. Wapakiaji wengine wawili waliteleza kwenye ubao ule kati ya siku ya baraza na siku ulipopigiliwa vipande. Niliwaona wote wawili wakianguka. Mmoja alipona.

Nilistaafu wakati bendera ya Mwingereza ilikuwa bado inapepea, lakini kila mtu alijua haitakaa sana. Mkuu wa Usafirishaji wa mwisho, kijana aliyetoka kwao juzi, alinipa mkono na barua ya sifa iliyosema kwamba nilikuwa mwaminifu. Niliisoma mara moja, nikaitia sandukuni. Mwezi uleule nikaamua kwenda Rubafu.

Nilimkuta Yoeli kibanjani akipogoa migomba. Alikuwa na mvi, na mwili ulikuwa umepungua, lakini alinitambua nikiwa mbali. Akatupa kisu chini, akaja akanikumbatia. Mkewe alituwekea mkeka, akaleta kahawa za kutafuna ndani ya kile kikapu kidogo wanachopewa wageni wa heshima, kisha akaenda kupika ndizi.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikaanza, "Yoeli, nimekuja kwa ajili ya siku ile ya baraza."

Akaninyooshea kiganja. "Acha, ndugu yangu. Nilijua siku ileile."

"Ulijua nini?"

"Walikutisha. Ulipokuja kusimama karibu nami ulikuwa unatetemeka, nilikuona. Nikawaambia wenzetu, Suedi wamemshika pabaya, labda kwa ajili ya watoto wake. Wengine walitaka kukuvizia njiani wakupige, nikawakataza. Mkewe Bagenda alikulaani, nikamwendea nikamwambia asilaani mtu aliyelazimishwa." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetua mzigo. "Sijakuwekea kitu moyoni hata siku moja. Nilikuonea huruma."

Nilikuwa na kahawa kinywani. Nilifungua mdomo niseme, na mkewe akatokea na ndizi, akasema mgeni ale zingali za moto. Yoeli akaomba baraka kwa desturi yao, akalitaja jina langu katika sala yake. Nikala. Tukazungumza habari za wajukuu. Jioni alinisindikiza mpaka njia panda, akanishukuru kwa kuja, nami nikamwambia asante kwa kunielewa.

Alifariki msimu wa mvua uliofuata. Nilikwenda kuzika, nikasimama kati ya watu wa kwaya yake, na kijana wake mkubwa akanitambulisha kwa waombolezaji kuwa rafiki ya baba aliyeteseka pamoja naye.

Kwa hiyo, vijana wangu wa malori, nisameheni kwa kuwafikisha huku mlipotaka habari za gia na matope. Na ninyi watoto wa Yoeli, karatasi hizi nitazituma Rubafu, mmsomee mama yenu. Baba yenu alikosea jambo moja. Hakuna aliyenitisha. Hakuna aliyewataja watoto wangu. Niliombwa kwa upole nikakubali mchana kweupe, kwa ajili ya lori na nyumba, na nilichomwambia yule mzee wa Nshamba ndani ya gari hakuna aliyenituma niseme. Nilipotetemeka kando ya baba yenu nilikuwa naogopa atanitazama. Mkewe Bagenda alikuwa na haki, na kama bado yupo hai, mwambieni hivyo. Mkija Muleba mtanikuta nyumbani. Mkitaka kuja.